Mazungumzo ya Nyumbani: Mwezi Uendao Kinyume



Kila unapomalizika mwezi wa Shaabani, na tena unapomalizika mwezi wa Ramadhani, watu wa nyumba zetu hutoka nje wakati wa magharibi, wakubwa kwa wadogo, wakazielekeza nyuso zao upande lilikotua jua. Hapana elimu ya nyota iliyoenea katika nyumba za Waislamu kama hii ya kuutafuta mwezi mwandamo. Mtoto asiyejua bado kusoma amekwisha kujua kutazama mbinguni. Basi leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya mwezi mwingine kabisa, usioonekana kwa macho, wala hatuufungii saumu wala hatuufungulii, lakini khabari yake yatufunza jambo tunalolihitaji sana majumbani mwetu: namna ya kutoa ushahidi, na namna ya kuupokea.

Kabla ya kwenda mbali, na tusimulie kwanza kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa watoto wa miaka 10 au 11, jioni moja ya tarehe 29 Shaabani tulisimama ufukweni pamoja na wazee. Upande wa magharibi palikuwa na mawingu membamba yaliyotiwa rangi na mwanga wa jua lililozama. Tulitazama mpaka macho yakatutoka machozi. Ghafla tukaona kitu kama uzi mweupe uliopinda, tukapiga kelele: "Ule pale! Nimeuona!" Watoto wenzetu wakashangilia, na mmoja akaanza kutimka mbio kwenda kuitangaza khabari mtaani. Maalim wetu akamwita arudi. Kisha akatuinamia akatuuliza kwa sauti ya upole: "Mwanangu, umeuona upande gani wa pale lilipotua jua, kulia au kushoto?" Tukanyamaza. "Na pembe zake zimeelekea wapi?" Tukanyamaza tena. "Haya, basi tuonyeshe na sisi." Tukanyosha kidole, na tazama, pale ulipokuwa uzi ule palikuwa na kipande cha wingu kinachotawanyika.

Aibu ilitushika hata tukataka kulia. Tukasema: "Wallahi, Maalim, sikusema uwongo." Naye akatujibu: "Najua, mwanangu. Hukusema uwongo; ni jicho lako lililokudanganya. Ndiyo maana tumekuuliza."

Miaka mingi imepita, na Maalim yule amekwisha kwenda mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini maneno yake yalitujia tena hivi karibuni tulipokuwa tukisoma khabari za mwezi mdogo wa sayari ya Zohali uitwao Phoebe. Tutaeleza kwa nini.

Zohali ni sayari waliyoijua wazee wetu kwa macho tu, nayo ndiyo iliyokuwa ya mbali kuliko zote walizozijua: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, na baada yao Zohali. Ni kubwa hata ardhi kama yetu 9 zingeweza kupangwa safu moja katika upana wake, na nafasi ikabaki. Hulizunguka jua mara moja katika muda wa miaka 29 na zaidi. Haina mwezi mmoja kama ardhi yetu, bali ina miezi mingi. Wa kwanza kujulikana ni Titan, uliogunduliwa mwaka 1655 na Mholanzi Christiaan Huygens. Baada yake akaja Giovanni Domenico Cassini, mtu wa Italia aliyehamia Ufaransa, akagundua miezi mingine 4 baina ya mwaka 1671 na 1684.

Katika hiyo minne, mmoja ulimtia Cassini katika fikra kubwa. Nao ni Iapetus, aliouona mwaka 1671. Ulipokuwa upande wa magharibi wa Zohali aliuona vyema. Ulipozunguka ukafika upande wa mashariki, akautafuta asiuone. Akangoja, ukarudi magharibi, akauona tena. Ukaenda mashariki, ukapotea tena. Mtu mwenye haraka angesema kwamba umezimika, au angejifanya anauona mahali usipoonekana. Cassini hakufanya hivyo. Alisema kwamba yaelekea mwezi huu una upande mmoja mweupe na upande mmoja mweusi, na kwamba siku zote huielekezea Zohali uso ule ule, kama mwezi wetu unavyotuelekezea sisi uso mmoja. Basi uwapo magharibi twauona upande wake mweupe, na uwapo mashariki twageuziwa ule mweusi. Hiyo ilikuwa dhana tu, naye aliieleza kuwa ni dhana. Mwaka 1705, miaka 34 tangu alipouona kwanza, alipata darubini bora zaidi, na kwa darubini hiyo akauona Iapetus upande wa mashariki, umefifia sana, kama alivyokisia.

Hata hivyo swali moja lilibaki: ni kitu gani kilichoupaka mwezi ule weusi upande mmoja tu? Cassini alikufa mwaka 1712 bila ya kulijua jawabu. Na tuliache swali hili hapa kwa muda, tutalirudia.

Kufika mwaka 1848 miezi ya Zohali iliyojulikana ilikuwa 8. Ikapita nusu karne bila ya kuongezeka hata mmoja. Macho ya wanadamu, hata yakisaidiwa na darubini kubwa, yalikuwa yamefika kikomo chake. Ndipo ikaja njia mpya, nayo ni kupiga picha. Jicho la mwanadamu halikusanyi mwanga. Likitazama kitu kilichofifia kwa saa nzima haliongezi kitu juu ya lilichokiona mwanzo. Lakini kioo kilichopakwa dawa ya picha hukusanya mwanga kidogo kidogo kwa kadiri kinavyoachwa wazi, kama mtungi unaokingwa chini ya tone la maji: tone moja si kitu, lakini mtungi hujaa.

Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kilikuwa na kituo cha kutazamia nyota karibu na mji wa Arequipa, katika nchi ya Peru, mahali palipo juu penye hewa kavu na mbingu safi. Bibi mmoja wa New York, jina lake Catherine Wolfe Bruce, alikuwa ametoa dola 50,000 ili itengenezwe darubini kubwa ya kupigia picha, nayo ikapelekwa huko. Katikati ya mwezi wa Agosti 1898, kuanzia tarehe 16, mtazama nyota DeLisle Stewart aliielekeza darubini hiyo upande wa Zohali akapiga picha katika vioo kadhaa, kwa usiku mbalimbali. Vioo hivyo vikapelekwa Harvard, vikaja mikononi mwa William Henry Pickering.

Pickering aliviweka vioo viwili, kimoja juu ya mwenziwe, akavitazama kwa makini. Nyota zisizohama zilionekana kila moja imekuwa mbili mbili, kwa umbali ule ule na mwelekeo ule ule, maana vioo havikulingana sawasawa. Lakini katikati ya madoa yale yote kulikuwa na kidoa kimoja kidogo sana kisichofuata mpango wa wenziwe. Kilikuwa kikihama pamoja na Zohali. Mwezi wa Machi 1899 Pickering akatangaza kwamba amegundua mwezi wa 9 wa Zohali, akauita Phoebe, jina lililotoka katika hadithi za Wayunani wa kale. Huo ndio mwezi wa kwanza wa sayari yoyote kugunduliwa kwa njia ya picha. Ung'avu wake ni mdogo hata ungetakiwa kuzidishwa mara 10,000 na zaidi ndipo mtu auone kwa macho matupu.

Lakini, ndugu wasomaji, khabari haikuishia hapo. Kidoa katika kioo chaweza kuwa mwezi, na chaweza kuwa vumbi, au ila ya dawa, au kitu kingine kinachopita njia yake. Hapana shaka Pickering alikuwa mtu maarufu, na ndugu yake mkubwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard. Walakini umaarufu si ushahidi. Wataalamu walitaka mwezi huo uonekane tena, ijulikane njia yake, na waweze kusema kabla ya wakati: usiku fulani utakuwa mahali fulani. Ilipofika mwaka 1904, vioo vingine vya Arequipa vilikuwa vimepatikana, njia ikahesabiwa, na watu wengine nao wakauona. Hapo ndipo shaka ilipoondoka.

Tena hesabu ile ilileta ajabu ambayo hata Pickering mwenyewe hakuitarajia. Phoebe waenda kinyume! Wachukulie watoto wanaocheza uwanjani, wameshikana mikono wakizunguka nguzo, wote wakielekea upande mmoja. Kisha mbali nyuma yao yuko mtoto mmoja peke yake, naye yuazunguka nguzo ile ile, lakini kwa kuelekea upande mwingine. Hivyo ndivyo ulivyo Phoebe. Miezi yote 8 iliyojulikana kabla yake huizunguka Zohali kwa kufuata upande ule ule inakojizungusha sayari yenyewe. Phoebe peke yake ulionekana ukikabiliana nayo.

Na si hayo tu. Upo mbali mno. Umbali wake na Zohali ni kama kilomita milioni 13, yaani zaidi ya mara 30 ya umbali wa mwezi wetu na ardhi, na zaidi ya mara tatu ya umbali wa Iapetus na Zohali. Njia yake si duara safi: wakati mwingine hukaribia mpaka kilomita milioni 11 hivi, na wakati mwingine huenda mpaka milioni 15. Mzunguko wake mmoja huchukua siku kama 550, yaani mwaka mmoja na nusu. Nao wenyewe ni mdogo: upana wake ni kilomita 213 tu, ilhali mwezi wetu una upana wa kilomita 3,475. Miezi ya namna hii, midogo, ya mbali, yenye njia zilizoinama na kurefuka, wataalamu huiita miezi isiyo na utaratibu. Siku zile Phoebe ulikuwa peke yake katika miezi ya Zohali kwa sifa hizo. Leo umekwisha kupata wenzi wengi. Kufika mwezi wa Machi 2025 miezi ya Zohali iliyothibitishwa ilikuwa 274, na iliyo mingi katika hiyo ni ya namna hii, midogo sana, na Phoebe ndio mkubwa wao.

Na sasa twafika penye kiini cha mazungumzo yetu.

Mwaka 1905 Pickering huyu huyu, aliyekwisha kupata sifa kwa Phoebe, alitangaza mwezi mwingine. Alisema kwamba katika vioo 13 vilivyopigwa mwaka 1904 ameuona mwezi wa 10 wa Zohali, akaupa jina la Themis. Akautajia njia yake, akasema huizunguka Zohali kwa muda wa siku 21 hivi, baina ya njia ya Titan na ya Hyperion. Watu wakampokea kwa heshima aliyoistahiki. Mwaka 1906 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa Tuzo ya Lalande kwa kugundua mwezi wa 9 na wa 10 wa Zohali.

Lakini mwezi wa 10 haukuonekana tena. Watu waliutafuta kwa darubini kubwa na kwa vioo vizuri zaidi, wasiuone. Mwezi wa 10 wa kweli, uitwao Janus, ulionekana mwaka 1966, na Mfaransa Audouin Dollfus, nao uko mahali pengine kabisa, karibu na pete za Zohali. Tena chombo cha anga kilichokaa kikiizunguka Zohali kwa miaka 13, tangu 2004 mpaka 2017, hakikukuta kitu pale aliposema Pickering. Themis haupo, wala haukupata kuwapo.

Tutazame vizuri jambo hili. Mtu ni yule yule. Kituo ni kile kile, na njia ya kazi ni ile ile ya vioo na subira. Phoebe ulionekana katika vioo vichache, nao ni kweli. Themis ulionekana katika vioo 13, nao si kweli. Lau tungepima kwa cheo cha msemaji, tungeamini yote mawili. Lau tungepima kwa wingi wa vioo vyake, tungeamini zaidi lile lililo batili. Wala hatumtuhumu Pickering kwamba alisema uwongo. Kwa yote tuyajuayo, aliamini alilolisema. Jicho lake lilimdanganya, kama letu lilivyotudanganya ufukweni. Tofauti baina ya Phoebe na Themis ni moja tu: wa kwanza watu wengine walikwenda wakautazama wakauona, na wa pili watu wengine walikwenda wakautazama wasiuone.

Basi kumwomba mtu ushahidi wa pili si kumwita mwongo. Hili ndilo neno tunalotaka kila nyumba ilishike. Mkweli naye hukosea, na labda yeye ndiye anayehitaji kuulizwa zaidi, kwa sababu watu humwamini upesi na kosa lake huenda mbali.

Turudi sasa kwa Phoebe, maana mwisho wa kisa chake ni mzuri kuliko mwanzo wake.

Tarehe 11 Juni 2004 chombo cha anga kilichopewa jina la Cassini, kwa kumkumbuka yule mzee wa zamani, kilipita karibu na Phoebe kwa umbali wa kilomita 2,068. Chombo hicho kilitumwa na Marekani pamoja na nchi za Ulaya, na kilikuwa kimesafiri tangu mwaka 1997. Kidoa kile cha kwenye kioo sasa kilionekana kuwa nchi kamili: uso wenye giza, umejaa mashimo yaliyochimbwa na mawe ya angani, kubwa lao likiwa na upana wa kilomita 100 hivi, na katika kuta za mashimo hayo ikaonekana barafu nyeupe chini ya ngozi nyeusi. Wataalamu walipoupima uzito wake wakaona kwamba si barafu tupu, bali ni barafu iliyochanganyika na mawe, tofauti na miezi mingi ya ndani ya Zohali.

Kwa hayo, na kwa kule kwenda kwake kinyume, wataalamu wengi waona kwamba Phoebe haukuzaliwa pale. Miezi iliyoumbika pamoja na sayari yake, kwa vumbi lililokuwa likiizunguka, hufuata mwendo wa vumbi hilo. Anayekuja kinyume ni mgeni. Phoebe yaelekea uliumbika mbali zaidi na jua, ukapita karibu na Zohali katika zama za mwanzo, ukanaswa na mvutano wake, ukabaki huko mpaka leo.

Na lile swali la Cassini, la mwezi wenye upande mmoja mweusi? Mwaka 1974 Mmarekani Steven Soter alileta dhana kwamba mawe ya angani yanapoupiga Phoebe hutimua vumbi jeusi, na vumbi hilo huteremka polepole kuelekea Zohali, likakutana na Iapetus njiani. Kwa kuwa vumbi la Phoebe laenda upande mmoja na Iapetus waenda upande mwingine, Iapetus hulipokea kwa uso wake wa mbele. Ni kama mtu apandaye baiskeli katika manyunyu ya mvua: kifua hulowa, na mgongo hubaki mkavu. Ilikuwa dhana ya kupendeza, lakini hapana aliyeliona vumbi hilo. Ikabaki kuwa dhana kwa miaka 35.

Mwezi wa Oktoba 2009 wataalamu watatu wa Marekani, Anne Verbiscer, Michael Skrutskie na Douglas Hamilton, walitangaza kwamba wameliona. Walitumia darubini ya angani iitwayo Spitzer, ambayo haikuwa ikitazama mwanga wa kawaida bali joto hafifu litokalo katika vitu. Wakakuta kwamba Zohali, mbali ya pete zake mashuhuri, ina pete nyingine kubwa mno isiyoonekana kwa macho, iliyoinama kama njia ya Phoebe ilivyoinama, na Phoebe wenyewe wapita ndani yake. Pete hiyo yaanzia kama kilomita milioni 6 kutoka Zohali na yaenea mpaka kupita milioni 12. Vumbi lake limetawanyika hata mtu angesimama katikati yake asijue kwamba yumo ndani ya kitu chochote. Tena yafahamika sasa kwamba vumbi lile lilikuwa mwanzo tu wa kazi. Pale lilipoutia weusi kidogo uso wa Iapetus, pale palipata joto zaidi la jua, kama avaaye nguo nyeusi apatavyo joto kuliko avaaye kanzu nyeupe. Barafu ya pale ikageuka mvuke, ikaenda kuganda upande wa pili, na upande mweusi ukazidi weusi na upande mweupe ukazidi weupe.

Tangu 1671 hata 2009 ni miaka 338. Hivyo ndivyo swali moja la kweli lilivyongoja jawabu la kweli. Katika muda huo wote, aliyeona alisema ameona, na aliyedhani alisema adhani. Wakati mmoja mtu alisema ameona kitu ambacho hakikuwako, na kazi ya wenziwe ya kutazama tena ikalisahihisha kosa hilo bila ya kumvunjia heshima yake. Phoebe bado waitwa mwezi wa Pickering, kwa haki.

Ndugu wasomaji, huenda mmoja wenu akauliza: yote haya yatuhusu nini sisi, wenye watoto wa kulea na ndugu wa kupatana nao? Yatuhusu sana. Leo kila kijana ana simu mkononi, na khabari yafika kutoka mtaa wa pili au nchi ya pili kabla ya mtu kumaliza kikombe cha chai. Usiku wa kuandama mwezi twapelekewa picha ya hilali, na hatujui ilipigwa jana au ilipigwa mwaka mwingine. Nalo hilo ni jepesi. Liko zito kuliko hilo. Asubuhi binti wa watu hutajwa kwa ubaya. Adhuhuri mtaa mzima umekwisha kusikia. Kesho yake hubainika kwamba hakuwa yeye. Nani atakayekwenda nyumba kwa nyumba kumrudishia heshima yake? Vumbi la Phoebe si kitu; chembe zake hazionekani. Lakini chembe baada ya chembe zimeusawijisha nusu nzima ya mwezi ulio mkubwa kuliko Phoebe karibu mara 7 kwa upana wake, na weusi wenyewe hualika weusi zaidi. Maneno nayo ni hivyo hivyo.

Sisi Waislamu tumekwisha kuamrishwa, katika Sura ya Hujurat, tuichunguze khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri tunayo. Tunachokosa ni mazoea. Kwa hiyo twapendekeza kwa wazazi maswali matatu, yawe ni desturi katika nyumba kama ilivyo desturi kunawa mikono kabla ya kula. La kwanza: umeona mwenyewe, au umeambiwa? La pili: umeona wapi, na lini, na kilikuwaje? La tatu: ni nani mwingine aliyeona?

Lakini twawasihi wazazi wayaulize kwa upole. Mtoto anayeulizwa kwa ukali hujifunza kuficha, na mtoto anayeulizwa kwa upole hujifunza kutazama vizuri mara ya pili. Nanyi vijana, mkiulizwa msikasirike, wala msiape haraka kama tulivyoapa sisi. Semeni, "Nadhani," pale mnapodhani, na semeni, "Nimeona," pale mlipoona, wala msione haya kusema, "Sijui." Neno hilo la mwisho Cassini aliishi nalo mpaka kufa, na jina lake likasafiri mpaka Zohali.

Mwezi mwandamo ujao, tukijaaliwa, tutoke tena nje na watoto wetu. Akitokea mmoja wao kupiga kelele kwamba ameuona, tusimshangilie upesi wala tusimkemee. Tuiname tufike usawa wake, tuufuate mkono wake kwa macho, tumwulize pembe zimeelekea wapi. Huenda akawa ameuona kweli, akawa wa kwanza katika mji mzima. Na huenda likawa wingu, naye akakumbuka mpaka uzeeni kwamba siku ile wazee wake walimsikiliza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wassalaam.